Kibanio cha Salamu

1

Mama Yona alifika Kituo cha Mawe Mapacha Jumapili asubuhi, kuku kwapani, akiwa na lalamiko ambalo hakuna aliyewahi kulileta pale tangu kituo kifunguliwe. Alisema mwanawe anamsalimia vizuri kupita kiasi.

Mlinzi wa getini alicheka kidogo, kwa adabu, akampeleka kwa Injinia Tabitha Ntandu. Malalamiko yote ya kituo yalimfikia yeye: simu inakatika, simu inakoroma, simu imeunganishwa kwa mume wa mtu mwingine. Tabitha alikuwa na miaka thelathini na tisa, na hakuna mtu aliyeijua njia ya mawimbi kati ya Singida na mwezini vizuri kuliko yeye. Hilo lilikuwa kweli, na yeye mwenyewe hakuchoka kulikumbusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Habari za Kinampanda?"

"Nzuri tu. Mvua imetuchokoza wiki iliyopita, imerudi ilikotoka. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakua."

"Na baba yao?"

"Mzima. Za safari?"

"Salama, tunamshukuru Mungu. Huyu kuku ni wako, usimwonee huruma, ana roho mbaya."

Kwa mazoea ya kazi, Tabitha alitupia jicho saa ya ukutani. Dakika moja na sekunde kumi zilikuwa zimepita, na kwa hesabu za mtandao hakuna neno hata moja lililokuwa limesemwa. Alimwekea mama kiti, kuku akaachiwa pembeni amefungwa miguu, na mazungumzo yakaanza.

"Mwanangu Yona Gyunda yuko kambini kule juu, anachimba barafu," alisema Mama Yona. "Huu mwezi wa kumi na tisa. Kila Jumapili nakuja hapa ukumbini, naingia kibandani, tunaongea. Wiki saba sasa hanipendezi."

"Anakujibu vibaya?"

"Ananijibu vizuri. Shikamoo yake imenyooka, sijambo yake imenyooka, kila Jumapili. Injinia, yule nimemzaa mimi. Mtu huamka siku nyingine kalalia mkono, siku nyingine kagombana na mwenzake, siku nyingine ana mafua. Wangu wiki saba hajaamka vibaya hata siku moja. Huyo ni mtu gani?"

"Labda hewa ya kule imemkubali, mama."

"Hewa ya kule si inatoka kwenye mitungi?"

Tabitha alicheka. Mama Yona hakucheka.

"Nikamwuliza, Jumapili iliyopita," mama aliendelea. "Nikamwambia, Yona, mzima kweli? Akanijibu papo hapo, mzima kabisa mama. Sikumaliza hata kufunga mdomo. Na nyie wenyewe mlitufundisha kwamba sauti ikienda mwezini na kurudi inachelewa."

Hapo Tabitha aliacha kutabasamu. Jibu alikuwa nalo tangu mama alipotaja shikamoo iliyonyooka. Lakini hakulisema. Alimwomba mama akapumzike ukumbini, akaagiza aletewe chai na maandazi, akafunga mlango wa ofisi na kubaki na yule kuku.

2

Ili mtu aelewe kilichomnyamazisha, lazima ajue Kibanio.

Zamani setilaiti mbili zilipokezana mawimbi kati ya kambi na dunia. Miaka minne nyuma moja ilizimika, na njia ikabaki nusu. Njia ya mawimbi ina upana wake, na upana huo haujali nani analia. Sauti ya mtu hukatwakatwa kuwa vipande vidogo, ndizo pakiti, kila kimoja kikiwa na namba yake na anwani ya kinakokwenda. Vikifika, mashine ya upande wa pili huvipanga tena vikawa sauti. Ukipitisha pakiti za huyu, za yule zinasubiri foleni.

Zilizokuwa haziwezi kusubiri ni pakiti za daktari. Kambini kulikuwa na daktari mmoja na chumba kimoja cha upasuaji, chenye mikono ya chuma iliyoongozwa na mabingwa waliokaa duniani. Mabingwa walikwisha kuzoea kungoja sekunde mbili na nusu kabla ya kuona mkono umefanya nini. Pakiti zikichelewa zaidi ya hapo, kisu kinapita pasipopitwa. Kwa hiyo setilaiti ilipozimika wakubwa walisema ni moja kati ya mawili: upasuaji, au simu za familia mia mbili na kumi na mbili.

Tabitha akasema hachagui. Akakaa na rekodi za simu mwezi mzima, akagundua jambo lililomfanya apige meza kwa furaha. Katika kila sekunde mia za mazungumzo, arobaini na mbili zilikuwa salamu. Hujambo, sijambo, wa kwako, hawajambo, za tangu juzi, nzuri, za huko, salama. Maneno yale yale, wiki hadi wiki, hata mtu akiwa hoi. Kwa injinia, kinachojirudia hakina habari ndani yake, na kisicho na habari hakina haja ya kusafirishwa.

Ndipo akajenga Kibanio. Mtu akisema shikamoo, Kibanio hakiibebi sauti. Kinatuma namba tu, salamu ya nne, salamu ya kumi na moja. Upande wa pili kuna mashine yenye sampuli ya sauti ya kila mtu, iliyorekodiwa wiki aliyojiandikisha, nayo inaipika ile salamu upya. Na kwa kuwa mawimbi huchukua zaidi ya sekunde kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, na salamu zetu huenda upesi kwa zamu hadi zilikuwa zinagongana hewani, Kibanio kilipewa ruhusa ya kuzijibu hapo hapo, bila kungoja. Watu walifurahi. Walidhani imeletwa setilaiti mpya.

Hakuna aliyewaambia. Kwenye fomu walizotia saini kulikuwa na mstari mmoja, ukurasa wa sita, kwamba sauti inaweza kuboreshwa. Tangu hapo watu thelathini na mmoja walipasuliwa kambini wakapona, na Tabitha alipewa cheti, akakitundika mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kiti hana budi kukiona.

Sasa alikaa chini ya kile cheti, akafungua kumbukumbu za simu za Yona Gyunda. Kumbukumbu za mashine hazina mama wa kumridhisha, zinasema kilichotokea. Jumapili iliyopita: muda wa simu, dakika tatu na sekunde hamsini. Pakiti za sauti zilizotoka mwezini kuja duniani: hakuna.

Alidhani amesoma vibaya. Alisoma tena. Hakuna, na Jumapili ya nyuma yake hakuna, na ya nyuma yake pia. Yona hakuwa msemaji. Alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao salamu ndiyo mazungumzo yao yote: shikamoo mama, sijambo, wote wazima, nami mzima, kazi inakwenda, haya mama nisalimie wote, Mungu akulinde. Kibanio kilikuwa kimeyajua yote hayo na kuyapa namba. Mama alipouliza mzima kweli, Kibanio kikaona ni salamu ya kumi na saba, kikamjibu palepale ukumbini. Swali halikuondoka Singida.

Kwa Jumapili saba mama na mwana walikuwa wamekaa kila mmoja kibandani kwake wakiongea na mashine.

3

Seva ya kambini ilitunza sauti halisi kwa wiki kumi, kwa ajili ya majaribio. Tabitha aliiita ile ya Jumapili iliyopita. Faili lilishuka polepole, maana lilikuwa mwisho wa foleni. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga foleni iwe hivyo. Alivaa spika za masikioni.

"Shikamoo, mama," alisema Yona.

Ilikuwa shikamoo iliyovunjika katikati. Baada ya "shika" kulikuwa na pumzi, na ndani ya pumzi filimbi nyembamba. Kisha ikaja sauti ya mama yake, nyororo, ya miezi kumi na tisa iliyopita: marahaba mwanangu, hujambo?

"Sijambo," alisema Yona, akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu kuliko mawimbi yanavyohitaji. Tabitha, aliyezaliwa na kulelewa hapo hapo Singida, alikielewa kile kimya bila kufasiriwa. Kwao mtu hamwambii mama yake kwamba anaumwa. Anasema sijambo, kwa sababu hata anayekata roho husema sijambo, halafu anaacha sauti iseme iliyobaki, na mama anauliza: mbona sauti hiyo? Akiulizwa, ndipo husema. Yona alikuwa anangoja kuulizwa.

"Namshukuru Mungu, mwanangu, huku sote wazima," mashine ilimjibu kwa furaha.

Akakohoa, mbali na kinasa sauti, ameziba kwa mkono. Kisha akasema haya mama, nisalimie wote.

Tabitha alizipanga zote saba, ya kwanza hadi ya mwisho, akapima urefu wa pumzi kati ya neno na neno. Zilikuwa zinafupika kila wiki. Aliona haya, haya ya kweli. Akakumbuka namna alivyowafundisha mafundi wapya: mashine hazimwagiani ujumbe hivi hivi, huanza kwa hodi. Moja inabisha, ya pili inasema karibu, ya kwanza inasema asante nimekusikia, ndipo pakiti zinaanza kupita. Salamu za mashine hakuzigusa hata moja, kwa kuwa alijua bila hizo huwezi kuwa na hakika upande wa pili kuna mtu. Za watu ndizo alizozikata.

Alimwandikia Daktari Nyemo wa kambini kupitia njia ya mafundi, ambayo hupitisha maandishi tu. Jibu lilirudi baada ya dakika chache.

*Yona Gyunda nilikutana naye jana kwenye chakula. Nimemwuliza, amesema mzima. Wote wanasema wazima. Kipimo cha mapafu ni mwisho wa mwezi. Sheria ya kambi hainiruhusu kumtoa mtu kazini kwa kumhisi tu; aseme mwenyewe au aanguke. Kama ni vumbi la mwezi limeingia mapafuni kiasi unachosema, zamu yake ya kesho ni shimo la chini kabisa. Akianguka kule hatumfikii kwa wakati. Mfanye aseme.*

Tabitha aliisoma mara mbili, akanyanyuka. Kuku alimtazama kwa yale macho yake ya roho mbaya.

4

Mkuu wa kituo, Mzee Kitundu, alikuwa mtu mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya ungemgombeza ukaondoka. Huyu alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Maskini. Mwandikie barua huyo kijana. Barua ni nusu ya kuonana."

"Amemdanganya daktari uso kwa uso, Mzee. Karatasi ndiyo ataiambia ukweli?"

"Basi mfungulie mama yake peke yake. Zima hicho kidude kwa simu moja."

"Hakizimiki kwa mmoja. Kibanio ndiyo itifaki ya njia yote, mkataba wa pande mbili wa namna ya kuongea. Nikiwaambia kambini tumeacha, tumeacha kwa wote, na ni lazima iwe leo, maana kesho kijana anashuka shimoni."

Mzee Kitundu aliinua vidole kimoja kimoja. Salamu zikirudi, simu zitaijaza njia. Jumanne kuna upasuaji wa nyonga, pakiti za daktari haziguswi. Kwa hiyo simu za watu lazima zipunguzwe nusu, leo, Jumapili, ukumbi umejaa watu waliotoka kusali wakaja moja kwa moja. "Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Injinia, ngoja kwanza." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti. "Tunaweza kusema setilaiti ina hitilafu. Wiki mbili. Kijana anatibiwa, tunarudisha Kibanio, tunakirekebisha kisikate kikohozi. Hakuna anayeumia. Ukiwaambia leo, unawanyang'anya miaka minne. Kuna mtu humu ukumbini mkewe alifia kule juu mwaka jana. Salamu za mwisho alizozisikia, unataka kumwambia zilipikwa na nani?"

Uongo ule ulikuwa umeshaiva, kilichobaki ni kuupakua, na haukuwa uongo wa mtu mwovu. Tabitha alimfahamu mtu aliyetajwa: Mzee Shila, fundi cherehani, ambaye bado huja ukumbini kila Jumapili kwa mazoea, anakaa benchi la nyuma na kusikiliza wenzake wakiongea. Akimwambia, atamwumiza, na hakuna fundi duniani wa kulirekebisha hilo. Asipomwambia, basi kesho na keshokutwa yeye Tabitha ndiye atakayeendelea kuamua ni sauti ipi ya binadamu ina habari na ipi haina. Alikwisha kuamua mara moja, kwa uhakika wote, akiwa na takwimu mkononi.

"Kibanio nimekijenga mimi, Mzee," alisema mwishowe. "Nitakizima mimi, na nitawaambia mimi."

"Ukiharibikiwa, jina ni lako."

"Cheti kilipokuja lilikuwa langu pia."

Mzee Kitundu alirudisha miwani machoni, akaitazama kalenda ya upasuaji kwa muda. "Njia ya daktari isipungue hata pakiti moja," alisema.

"Haitapungua."

5

Mama Yona ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Tabitha alimkuta anakunywa chai, akakaa mbele yake na kueleza yote bila kuremba. Mama aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo Jumapili saba naongea na kikopo."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye?"

"Na yeye pia."

"Kikopo kimemwambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba hujambo. Kwamba unamshukuru Mungu."

"Mimi nilikuwa na goti," alisema Mama Yona. "Wiki tatu silali. Hata goti langu hakulisikia."

Alikuwa amekasirika, na Tabitha alimwacha akasirike. Baadaye mama akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Anaumwa kiasi gani?"

"Sana. Lakini hasemi. Anangoja umwulize."

"Basi washa hizo simu zako. Unaningojesha nini?"

Ukumbini walikuwa watu wapatao mia moja na tisini, wamevaa nguo za ibada, watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Tabitha alisimama mbele ya vibanda. Hakutumia kipaza sauti. Hakutaka mashine nyingine tena kati yake na wao. Aliwaambia setilaiti ilipozimika alifanya nini, kwa nini alifanya, na wangapi wamepona kwa sababu ya Kibanio. Kisha akawaambia salamu walizozisikia miaka minne hazikutoka kwa watu wao.

"Maneno mengi waliyasema wao," alisema. "Sauti niliipika mimi, na majibu mengine mashine iliyatoa yenyewe. Sikuwaomba ruhusa. Nimekosa, na naomba radhi. Leo nimezima. Mtasikia sauti zenyewe, na mtasubiri kidogo kila baada ya neno, kama zamani. Lakini njia haitoshi kwa wote, na ya daktari siigusi. Nusu yenu leo hamtaongea. Nyinyi ndio mtakaochagua nani, mimi sichagui tena."

Kilichofuata hakikuwa kizuri. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti. Kijana aliyekuwa na mchumba mwezini alisema, "Mimi nilikuwa nimeridhika, dada. Ulinidanganya vizuri, kwa nini umeniamsha?" Wengine walianza kugombea zamu. Mzee Shila alinyanyuka kutoka benchi la nyuma, akaja mbele polepole, na ukumbi ukampisha.

"Mke wangu," alisema. "Ile Jumapili ya mwisho. Alinisalimia nani?"

"Alikusalimia yeye, baba. Ila sauti yake haikufika. Ilifika yangu."

"Sauti yake yenyewe ipo mahali?"

"Haipo. Ilihifadhiwa wiki kumi, ikafutwa." Tabitha alitaka kuongeza neno la kumfariji, akaona kila neno alilonalo ni la bei rahisi. "Pole sana, baba. Nimekuumiza."

"Umeniumiza," alisema Mzee Shila. Akawageukia wengine. "Mimi sina wa kumpigia. Lakini ningekuwa naye, ningemsikia kwa mwezi mara moja, yeye mwenyewe, kuliko kila wiki huyu." Alimwelekezea Tabitha kidole bila hasira. "Waanze wale ambao hawajui hali za watu wao. Huyo mama mwenye kuku aanze."

Walibishana bado, lakini sasa walibishana kama watu wanaogawana kitu chao wenyewe. Ikapatikana orodha.

6

Saa nane kamili njia ilifunguliwa. Mama Yona aliingia kibandani, akaweka mguu wenye goti juu ya kigoda. Tabitha alisimama mlangoni akiwa na kompyuta yake ndogo ya mkononi. Juu ya kioo kulikuwa na kihesabu cha pakiti zinazotoka kambini, na kwa simu ya Yona Gyunda bado kilikuwa sifuri.

"Ukisema neno, hesabu hadi tatu," alimkumbusha mama. "Usiogope kimya. Ni mwendo tu wa mawimbi."

"Kimya siogopi. Nilikuwa nimeolewa na baba yake."

Mashine mbili zikapigiana hodi zikaitikiana. Kihesabu kikaruka: kumi, sitini, mia mbili.

"Shika... moo, mama."

Mama Yona alifumba macho. Hakujibu mara moja. Alikuwa anaisikiliza ile filimbi.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Moja, mbili, tatu.

"Sijambo, mama."

"Yona," alisema mama. "Mbona unapumua hivyo?"

Mawimbi yalikwenda. Yalifika, lazima yalifika, Tabitha alihesabu mara mbili ya muda wake. Hakuna neno lililorudi. Lakini kihesabu hakikusimama. Pakiti ziliendelea kuingia, mia nne, mia tano, mia sita, na ndani yake hamkuwa na kitu ila mtu anayevuta hewa. Kibanio kingekuwa kimeshakitupa kimya kile chote.

"Mama," alisema Yona. "Naumwa."

"Najua. Tangu lini?"

Moja, mbili, tatu, nne.

"Tangu Jumapili ile niliyokusalimia nikakohoa. Ukanijibu unamshukuru Mungu. Nikasema basi, mama kachoka kusikia habari zangu."

Mama Yona aliinamisha uso karibu na kinasa sauti. Machozi yalimtoka, lakini sauti yake haikuyumba. Aliishika kwa nguvu, kwa kuwa sasa alijua inafika yote ilivyo.

"Si mimi niliyekujibu. Nitakueleza, ni hadithi ndefu, na mwenye makosa amesimama hapa mlangoni. Sasa hivi, ukitoka hapo, unakwenda kwa daktari. Huendi kulala, huendi kula. Unamwambia ulivyoniambia mimi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Tabitha tayari alikuwa anaandika kwenye njia ya mafundi. *Amesema. Anakuja kwako.* Jibu la Daktari Nyemo lilirudi baada ya sekunde chache tu: *Nimesimama nje ya kibanda chake.*

Ilibaki dakika moja na sekunde kumi ya zamu yao. Nje watu wa orodha walikuwa wamesogea mlangoni, wamenyamaza, na Mzee Shila alikuwa kati yao, ameegemeza kichwa kwenye ubao wa kibanda ili asikie. Mama Yona alijifuta uso, akanyoosha mguu juu ya kigoda.

"Haya," alisema. "Anza upya. Nisalimie tangu mwanzo, na mimi unisikie. Nina goti."